Siri ya maiti aijua mwosha: barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa na wahariri wa habari, Mtwara na Lindi

Kwa:
Baba Maaskofu, Mapadri, Wachungaji na Wazee wa Kanisa, mikoa ya Mtwara na Lindi;
Wahariri na wamiliki wa redio na televisheni za mtandaoni mnaofanya kazi Kusini.

YAH: MSIBA WA MPWA WANGU, JINSI ULIVYOTANGAZWA NA JINSI ALIVYOZIKWA

Waheshimiwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa wahariri msio wa imani hii, nawasalimu kwa heshima ile ile.

Naandika nikiwa mjomba. Mtu wa mbali anaweza kuliona neno hilo dogo, lakini ninyi mnaoishi Newala, Masasi, Tandahimba na Nachingwea mnajua uzito wake. Kwetu Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamakua, Wayao na Wamwera, mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayeulizwa: jando lake, ndoa yake, na siku akifa, kaburi lake. Mwezi wa tatu mwaka huu niliulizwa kaburi la mpwa wangu. Alikuwa na miaka 27. Alikuwa fundi cherehani mjini Mtwara, na miaka sita mfululizo alipiga kinanda kanisani. Alikuwa amepakiwa kwenye bodaboda, mvua inanyesha, barabara ya kwenda Mikindani, lori likawagonga. Dereva wa bodaboda alipona. Yeye hakufika hospitali akiwa hai.

Hiyo ndiyo habari yote ya kifo chake. Mengine yaliyosemwa juu yake baada ya hapo hayakuwa habari ya kifo.

Sikupenda kuandika hadharani. Barua yangu ya kwanza niliipeleka ofisi ya kanisa kwa mkono mwezi Aprili, nikaona ikiandikwa kwenye daftari la kupokelea barua. Ya pili niliipeleka Juni. Kituo cha habari nilikipigia simu mara tatu, mara ya mwisho kijana aliyepokea aliniambia kwa upole kabisa, "Mzee, hiyo habari imeshapita." Kanisani niliambiwa suala langu "linafanyiwa kazi". Mpaka leo hakuna aliyeniita, na hakuna aliyekwenda kwa dada yangu.

Dhehebu sitalitaja, wala mtaa, wala kituo. Sitaki padri azomewe njiani kwa sababu yangu, wala kijana wa kamera apoteze kazi. Jina langu nalo sitaliweka chini, kwa sababu kwetu hatuko wengi, na jina langu litampeleka msomaji moja kwa moja kwenye jina lake. Nimewaandikia ninyi nyote kwa kuwa tangu nilipoanza kulisimulia jambo hili, watu wa Masasi na wa Lindi wamenijia pembeni, sauti chini, kunisimulia ya kwao. Nimeona halikuwa kosa la padri mmoja wala la kamera moja.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Kipaza sauti mlangoni pa mochwari.

Dada yangu alitoka kijijini kwa basi la alfajiri. Alifika mochwari saa nne, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, na mwili wa mwanawe alikuwa bado hajauona. Alikuwa ameambiwa tu kwamba kijana amepata ajali, njoo. Pale mlangoni walikuwapo vijana wawili, mmoja na kamera, mwingine na kipaza sauti. Swali la kwanza aliloulizwa dada yangu siku ile, kabla ya daktari, kabla ya polisi, kabla yangu mimi, lilikuwa hili: "Mama, kuna taarifa mwanao alikuwa anajihusisha na ushoga, ulikuwa unajua?"

Alijibu, "Mwanangu yuko wapi?" Wakauliza tena. Akajibu hivyo hivyo. Mara ya tatu alikaa chini kwenye simenti.

Saa saba mchana video ilikuwa kwenye simu za watu. Kichwa chake kilisema mama ameangua kilio na kukwepa swali. Waheshimiwa wahariri, nimeitazama ile video mara nyingi kuliko afya yangu inavyoruhusu, nikitafuta mahali alipokwepa. Hakukwepa. Alikuwa anauliza swali lake, nanyi ndio hamkumjibu.

Baraza la Habari Tanzania lipo tangu 1995, na maadili ya kazi yenu mnayajua kuliko mimi. Wenzenu wa Kenya wameweka katika kanuni zao kifungu kizima kuhusu waandishi na watu wenye majonzi, kwamba mfiwa aendewe kwa huruma na busara. Katiba yetu wenyewe, ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Lakini hata kama pasingekuwa na kifungu chochote, ninyi ni watoto wa watu wa Kusini. Mmekaa kwenye vilio. Mnajua kwamba ukifika msibani unavua viatu, unakaa mkekani, unatoa pole, na kama una la kuuliza unangoja mpaka mwenye msiba akuangalie usoni.

2. Fununu iliyovikwa nguo za habari.

Nani alisema? Video ilitaja "majirani" na "watu wa karibu". Nimewatafuta majirani hao. Nilichokuta ni hiki: kijana alikuwa hajaoa, alikuwa anashona magauni ya harusi, na alikuwa anaishi chumba kimoja cha kupanga na rafiki yake. Basi. Kwa ushahidi huo nusu ya vijana wa Mtwara wanaogawana kodi ya chumba wangepaswa kuogopa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo limenitenga na baadhi ya ndugu zangu. Kwenye kikao cha ukoo niliombwa niandike kukanusha. Niandike kwamba kijana wetu hakuwa hivyo, kwamba alikuwa na mchumba, hata jina la binti lilipendekezwa. Nilikataa, na nakataa tena hapa. Kama alikuwa, kama hakuwa, sitasema. Sikumuuliza alipokuwa hai, na sasa hawezi kunijibu. Zaidi ya hapo, nikisimama hadharani kuapa kwamba huyu hakuwa, nitakuwa nimekubali kwamba yule ambaye kweli alikuwa hivyo anastahili kuzikwa vile. Kesho atakuwa mpwa wa mtu mwingine. Mimi siwezi kumnunulia mtoto wetu heshima kwa kumuuza mtoto wa jirani.

Na kuna huyu rafiki yake. Ndiye aliyekaa naye siku zake za mwisho. Ndiye angeweza kumwambia dada yangu alikula nini asubuhi ile, alitoka akicheka au amenuna. Hakuja kuzika. Baada ya video ile alihama chumba usiku, godoro akaliacha, na hakuna anayenipa habari zake. Video yenu haikumtaja jina. Haikuhitaji, mtaa mzima uliujua mlango wake.

Neno lenyewe nalo linaniuma. Pwani hii yote, tangu Kilwa mpaka Msimbati, mwanamke humwita mwenziwe "shoga yangu" akimaanisha rafiki wa kuaminiana, wa kupeana siri na kukopeshana sukari. Dada yangu ana mashoga zake wa miaka 40, na ndio waliomshika mikono siku ile. Tumelichukua neno la urafiki tukaligeuza jiwe.

3. Mlango wa kanisa.

Tulipokwenda kwa padri kupanga mazishi, tayari alikuwa ameiona video. Alisema maneno ambayo nayakumbuka yote: "Baada ya yaliyotoka, nikimwingiza kanisani nitaonekana nimebariki." Kwa hiyo mwili haukuingia kanisani. Kengele haikupigwa. Wanakwaya waliambiwa wanaweza kuja, lakini wasivae majoho. Kinanda alichokipiga miaka sita kilibaki kimefungwa na kitambaa chake.

Simchukii padri huyu. Ndiye aliyempaka mafuta mama yangu mwaka ule alipokuwa anakata roho. Alikuja usiku, kwa baiskeli, kwenye matope. Ndiyo maana naumia. Najua huruma yake ilivyo, na nimeona jinsi video ya dakika tatu ilivyomwondolea.

Wazee wangu, kanisa la Kusini lilianzaje? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishuka Lindi na watu waliokuwa wamekombolewa utumwani, wakatembea mpaka Masasi, wakajenga pale chini ya majabali. Wale walikuwa watu walionyakuliwa kwao wakiwa wadogo. Hawakuwa na mjomba wa kuulizwa makaburi yao. Wengine hata jina la ukoo hawakulikumbuka. Kanisa ndilo lililokuwa ukoo wao, likawazika. Sisi tunaosali leo Masasi, Newala na Lindi, wengi tumetokana na kanisa lililoanza kwa kuwazika watu wasio na mtu. Na kuzika wafu kumehesabiwa miongoni mwa matendo ya huruma tangu zamani za mababa. Sikumbuki katekisimu niliyofundishwa utotoni ikiweka sharti kwamba maiti ichunguzwe kwanza.

4. Mahubiri kaburini.

Kaburi lilichimbwa na vijana wa kijiji na mzee mmoja jirani, Mwislamu, aliyekuja na jembe lake tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mvua ilikuwa inajaza shimo, naye anachota maji kwa ndoo. Hakuuliza lolote. Ilipofika saa nane padri alikuja, akasoma sala kwa ufupi, halafu akashika kipaza sauti na kuhubiri dakika 25 juu ya Sodoma. Spika zilielekezwa upande wa watu. Jina la marehemu alilitaja mara moja, mwanzoni. Alieleza moto ulivyo na nani wanaungojea, na dada yangu amekaa kwenye jamvi hatua nne kutoka pale aliposimama.

Wazee walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Maana yake ni kwamba sisi tuliobaki juu ya udongo hatuijui. Siku ile tuliambiwa mpaka vipimo vyake.

Kuhusu Sodoma, nami nasoma Biblia. Nabii Ezekieli, sura ya 16, anaueleza uovu wa mji ule: kiburi, shibe, raha, na mkono wa maskini na mhitaji usiotiwa nguvu. Padri aliyesoma seminari anajua hivyo kuliko mimi. Na anajua Yohana sura ya 11. Bwana alipofika Bethania hakuwauliza Martha na Mariamu ndugu yenu aliishi na nani. Aliuliza wamemweka wapi. Kisha akalia. Dada yangu, asiyejua hata hiyo sura ni ya ngapi, ndilo swali aliloliuliza mlangoni pa mochwari.

Rafiki zake Ayubu nao walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hapo walikuwa rafiki wema. Waliharibu walipofungua midomo kumweleza kwa nini Mungu amempiga.

5. Ukimya tangu siku ile.

Dada yangu hajaingia kanisani tangu Machi. Hakuna mzee wa kanisa aliyekwenda kumtazama. Jumuiya haikufika arobaini. Bahasha ya zaka, hata hivyo, ililetwa. Hilo sitalieleza zaidi.

Waheshimiwa, najua mtakayonijibu, kwa sababu mengi nimeshajibiwa kwenye veranda na kwenye vijiwe vya kahawa.

Mtasema ni sheria ya nchi. Ninaijua. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu makosa dhidi ya maumbile, kinatoa kifungo mpaka cha maisha, kisichopungua miaka 30. Lakini sheria hiyo hiyo inataka shtaka, shahidi na hakimu, na haimshtaki aliyekufa. Mtu akifa, kesi yake inakufa naye, hata aliyekamatwa na damu mikononi. Ninyi mmeifufua kesi ambayo haikuwahi kufunguliwa.

Mtasema mafundisho ya kanisa hayabadiliki kwa machozi ya mtu. Matamko nayafahamu. Waanglikana wa Tanzania walitangaza Desemba 2006 kwamba ushirika wao na Kanisa la Episcopal la Marekani umeharibika kwa ajili ya jambo hili. Walutheri wetu walitoa tamko lao Dodoma mwaka 2010 kukataa ndoa za jinsia moja. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika, kwa barua ya Kardinali Fridolin Ambongo ya Januari 2024, walisema hawatabariki wapenzi wa jinsia moja katika bara hili. Sijaja kubishana na hayo katika barua hii. Ninachoomba ni kwamba mnapoyasoma myasome mpaka mwisho. Azimio la Lambeth la mwaka 1998, la maaskofu Waanglikana wa dunia nzima, ambalo Waanglikana wengi wa Afrika wanalishikilia, linakataa tendo hilo, kisha linasema waliobatizwa na waaminifu ni viungo kamili vya Mwili wa Kristo bila kujali mwelekeo wao, na linawataka watu wote wahudumiwe kichungaji kwa upole. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalaani tendo katika namba 2357, na namba inayofuata inaamuru watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na uangalifu, na wasibaguliwe isivyo haki. Barua ile ya Kardinali Ambongo nayo inasisitiza heshima na utu wao. Hakuna hata andiko moja kati ya hayo linalosema mama wa marehemu ahubiriwe moto juu ya kaburi la mwanawe. Padri hakuwa analinda mafundisho. Aliyaacha nusu.

Mtasema haya ni mambo ya Wazungu, na anayewatetea hawa amelipwa. Mimi nimelipwa pensheni ya ualimu na korosho zangu, na mwaka huu korosho hazijaingia ghalani bado. Kuzika mtoto kwa heshima hatukufundishwa na Mzungu. Kifungu cha 154 ndicho chenye asili katika sheria tulizoachiwa na Waingereza. Adabu ya kilio tulikuwa nayo kabla yao. Mwosha maiti kwetu huchaguliwa kwa mdomo wake. Anaona makovu, anaona ugonjwa uliofichwa, anaona kila kitu, na akitoka mlangoni ananawa mikono na kuomba maji ya kunywa. Siri ya maiti aijua mwosha, naye hafi nayo kwa bahati. Ndiyo kazi aliyokabidhiwa. Mwandishi aliyesimama mochwari na padri aliyesimama kaburini wote wawili walikuwa wamepewa kazi ya mwosha siku ile.

Mtasema, ninyi wa habari, kwamba watu walitaka kujua na video ilitazamwa sana. Ndiyo, ilitazamwa. Na mtasema hakuna aliyeguswa mwilini. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapa majina na picha za watu likiwaita mashoga, pamoja na maneno ya kutaka wanyongwe. Mmoja wao, David Kato, alikwenda mahakamani na wenzake, wakashinda Januari 2011. Wiki chache baadaye, tarehe 26 ya mwezi ule, aliuawa nyumbani kwake Mukono kwa kupigwa nyundo. Polisi walisema ni wizi, na mtu alifungwa miaka 30. Siwezi kusema gazeti ndilo lililomuua. Naweza kusema yaliyofuata. Kwenye mazishi yake padri alishika kipaza sauti akaanza kulaani, rafiki za marehemu wakamnyang'anya, na wanakijiji wakakataa kushusha jeneza. Rafiki zake ndio waliomzika. Askofu mstaafu Christopher Senyonjo, ambaye kanisa lake lilikuwa limemtenga kwa sababu ya kuwahudumia watu hawa, alikuwepo akawaombea. Niliposoma habari hizo wakati ule nilimshukuru Mungu kwamba sisi si watu wa namna hiyo. Mwezi wa tatu mwaka huu nilisimama kwenye matope nikaona ni padri yule yule, kipaza sauti kile kile. Kasoro yetu sisi ni kwamba hakuna aliyemnyang'anya. Mimi, mjomba, mwenye kaburi, nilisimama nimeshika kofia mkononi dakika zote 25. Kwa hilo namwomba dada yangu msamaha mbele yenu wote.

Kofia hiyo inanikumbusha jambo. Trevor Huddleston alikuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, na wazee wengine bado wanamkumbuka. Kabla ya kuja kwetu alikuwa Afrika Kusini akipambana na ubaguzi wa rangi. Desmond Tutu alisimulia mara nyingi kwamba, akiwa mtoto, alimwona padri huyo Mzungu akipita na kumvulia kofia mama yake Tutu, mwanamke mweusi mfanyakazi wa majumbani, na hakuwahi kulisahau maisha yake yote. Ni Tutu huyo huyo ambaye mwaka 2013, akiwa Cape Town, alisema hawezi kumwabudu Mungu anayewachukia mashoga. Mnaweza kutokubaliana naye, na wengi wenu hamkubaliani. Mimi nashika ile kofia tu. Padri alimwona mama wa mtu, akavua kofia. Hakumuuliza kitu.

Basi naomba yafuatayo, na ninayaomba kwa majina ya kazi zenu.

Wahariri, video iondolewe, na nakala zake zote mlizozisambaza kwenye kurasa zenu. Mhariri mwenyewe, wala si kijana wa kamera, aende kwa dada yangu bila kamera na bila mpiga picha, amwambie pole ambayo hakumwambia siku ile. Kisha kaeni pamoja, vituo vya mikoa hii miwili, mkubaliane kwamba mfiwa hahojiwi mochwari wala kabla ya maziko, isipokuwa mwenyewe ameomba kusema. Na kwamba maisha ya chumbani ya marehemu ambayo hayahusiani na kifo chake hayatangazwi. Mkiyaandika, nitayabandika mwenyewe kwenye mbao za matangazo, kuanzia Mtwara hadi Nachingwea, kwa nauli yangu.

Viongozi wa makanisa, toeni waraka kwa mapadri na wachungaji wenu kuhusu maziko, useme wazi kwamba aliyebatizwa na asiyetengwa kwa utaratibu wa kanisa hanyimwi mlango wala kengele kwa sababu ya jambo lililoonekana kwenye simu. Waraka useme pia kwamba kaburini kunahubiriwa faraja na ufufuo, na kwamba mwenye hoja juu ya maisha ya marehemu anyamaze mpaka Hukumu. Na kama kuna vijana kanisani mwenu wanaobeba jambo hili kimya kimya, wapo, najua wapo, wajue kuna angalau mlango mmoja wanaoweza kubisha bila kukuta umati umejaa uani. Mpwa wangu alikaa kwenye kinanda hatua chache kutoka altareni miaka sita. Kama alikuwa na la kusema, hakumwambia yeyote kati yenu, na hakuniambia mimi.

La mwisho ni dogo. Tarehe 2 Novemba ni siku ya marehemu wote, na majina yatasomwa. Dada yangu ameshaandika jina la mwanawe kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la 4, akalikunja ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Jumapili ya mwisho ya Oktoba nitalileta ofisini kwa mkono, lisainiwe kwenye daftari kama zile barua mbili. Ameniuliza kama litasomwa. Nimemwambia nitamjibu nikipata jibu lenu.

Wenu katika Kristo,

Mjomba wa marehemu
Mtwara